KANZU YA PROTINI: Maradhi Mawili ya Kasongo na Lugha ya Kuyaeleza

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa tafiti zinazofanywa na wanafunzi wa shahada za juu katika elimu ya viumbe, zile zinazohusu protini na mawasiliano ya seli zimeshika nafasi kubwa. Sababu yake ni wazi. Maradhi mengi, yawe ya kuambukiza kama malale au yasiyo ya kuambukiza kama kisukari, hayawezi kueleweka vyema pasipo kujua ni protini gani imeharibika, imekosekana au imedanganywa, na ni habari gani imeshindwa kufika ilikokusudiwa kufika.

Katika vyuo vikuu vya mashariki mwa Kongo, kuanzia Kindu hadi Bukavu na Lubumbashi, elimu hiyo hufundishwa kwa Kifaransa. Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, hushughulikiwa katika idara za lugha. Mkazi wa Kabambare hayumo katika idara yoyote kati ya hizo. Yeye huugua kwa Kiswahili, huuguzwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili huombwa akubali kutolewa damu au maji ya uti wa mgongo.

Makala hii inakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, tutaonyesha jinsi protini na ishara za seli zinavyofanya kazi, kwa kutumia maradhi mawili yenye historia katika kusini mwa Maniema: malale, yaani ugonjwa wa usingizi, na homa ya papasi. Pili, tutaonyesha kwamba Kiswahili kinao uwezo wa kulieleza jambo hili kwa usahihi, na kwamba pale neno linapochaguliwa vibaya, anayeumia si mwanaisimu bali ni mgonjwa.

2.0 Kasongo, Februari 1905

Mwaka 1901, huko Gambia, Joseph Everett Dutton, daktari kijana wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool, aliona katika damu ya mgonjwa kimelea chembamba chenye mkia. Mwaka uliofuata alikiita Trypanosoma gambiense. Baadaye ilidhihirika kuwa kimelea hicho ndicho kisababishacho malale, na kwamba huenezwa na mbung'o.

Mwaka 1903 Dutton alitumwa Kongo pamoja na mwenzake John Lancelot Todd kuchunguza malale, ambayo wakati huo yalikuwa yakiteketeza watu kando ya mito. Walipanda mto hadi maporomoko ya Kisangani, kisha wakaendelea hadi Kasongo. Huko walijishughulisha pia na homa nyingine iliyowasumbua wasafiri na wenyeji, yaani homa ya papasi. Wenzao waliokuwa Uganda walikuwa wamekwisha kuona bakteria wenye umbo la parafujo katika damu ya wagonjwa wa homa hiyo. Dutton na Todd walithibitisha kwa majaribio kwamba papasi ndiye anayewaeneza. Wote wawili waliambukizwa. Todd alipona, lakini Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Bakteria wa homa hiyo wakapewa jina la kumkumbuka, Borrelia duttonii.

Historia hii hutajwa mara kwa mara katika vitabu vya tiba. Jambo ambalo Dutton hakuweza kulijua, kwa kuwa lilihitaji zaidi ya nusu karne ya utafiti, ni kwamba kimelea alichokipa jina na bakteria waliomwua wanafanana katika hila moja kubwa. Vyote viwili hujificha ndani ya damu kwa kubadilisha protini za nje ya mwili wao. Kabla ya kuieleza hila hiyo, hatuna budi kwanza kufafanua istilahi tatu.

3.0 Protini, seli na ishara

Seli ni kipande kidogo kabisa cha mwili chenye uhai wa kujitegemea. Vitabu vingine huita "chembe" au "chembe hai". Tunapendelea "seli", kwa sababu "chembe" imekwisha kubebeshwa mzigo mzito: ni punje ya mchanga, ni kipande cha atomu, ni kitu chochote kidogo. Katika maelezo ya kitaalamu neno moja halifai kubeba dhana nne.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Zipo asidi amino za aina 20, na mpangilio wake katika mnyororo ndio unaoamua namna mnyororo utakavyojikunja. Umbo linalopatikana baada ya kujikunja ndilo liipalo protini kazi yake. Wengi wetu tulizoea kufundishwa kwamba protini ni chakula kinachopatikana katika maharage, samaki na mayai. Fundisho hilo ni la kweli lakini halikamiliki. Protini tulazo huvunjwavunjwa tumboni, na asidi amino zake hutumiwa na seli kujengea protini nyingine: za kubeba hewa katika damu, za kukaza misuli, za kuchochea mabadiliko ya kikemia (hivi huitwa vimeng'enya), za kuukinga mwili (kingamwili), na za kupeleka au kupokea habari.

Kuhusu habari hizo, tunapaswa kutofautisha "ishara" na "dalili". Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hukaribiana. Hata hivyo, dalili ni kitu ambacho mtu wa nje hukisoma: homa ni dalili kwa daktari, wingu ni dalili kwa mkulima. Wingu halina haja na mkulima. Ishara, kwa upande mwingine, huhitaji mpokeaji ambaye ataifanyia kazi. Ndiyo maana tunasema seli hupelekeana ishara, wala hatusemi hupelekeana dalili.

Namna ishara inavyopokewa inafanana na desturi yetu ya kupiga hodi. Mjumbe hafungui mlango wa mtu akaingia mpaka chumbani. Hubisha nje, naye aliyeko ndani humsikia, kisha habari hupita kutoka mtu hadi mtu mpaka imfikie mwenye nyumba. Kwenye utando wa seli zimo protini ziitwazo vipokezi. Mjumbe anapokigusa kipokezi kinachomfaa, umbo la kipokezi hubadilika. Mabadiliko hayo huigusa protini iliyo upande wa ndani, nayo huigusa nyingine, hadi seli itende jambo: igawanyike, inyamaze, au ife.

Mfano ulio maarufu ni insulini, protini ndogo yenye asidi amino 51. Baada ya mlo, kongosho huimwaga katika damu. Seli za misuli na mafuta zenye vipokezi vyake huipokea ishara hiyo na kuiruhusu sukari iingie. Mjumbe akikosekana, au akibisha hodi na asisikiwe, sukari hubaki katika damu, nao ugonjwa huitwa kisukari. Kwa hiyo afya na ugonjwa, katika kiwango hiki, ni suala la habari kufika au kutofika.

4.0 Kimelea kibadilishacho kanzu

Neno "kimelea" lenyewe ni somo dogo la mofolojia. Limetokana na kitenzi "mea" katika kauli ya kutendea, "melea", yaani kumea juu ya kitu kingine. Kimelea basi ni kile kimeacho kwa gharama ya mwenzake.

Kimelea cha malale kina tatizo kubwa. Vimelea vingi hujificha ndani ya seli za mwili, lakini tripanosoma huishi waziwazi katika damu na maji ya mwili, mahali ambapo kingamwili huzunguka usiku na mchana. Njia yake ya kujiokoa ni kanzu. Mwili wake wote umefunikwa kwa molekuli zipatazo milioni 10 za protini ya aina moja, zilizosongamana kiasi kwamba kingamwili haiwezi kufikia kitu kingine chochote kilicho chini yake. Mwili wa mgonjwa huitambua kanzu hiyo na kutengeneza kingamwili dhidi yake, na baada ya siku kadhaa vimelea vingi huuawa. Hata hivyo, wachache miongoni mwao huwa wamekwisha kuvaa kanzu nyingine, ya protini isiyojulikana na mwili. Hao huzaliana, mwili huanza kazi upya, na mambo hujirudia.

Ghala la kanzu hizo ni kubwa. Katika jeni za tripanosoma mna takriban nakala 2,000 za jeni za kanzu. Nyingi ni pungufu, lakini kimelea huweza kuunganisha vipande vya jeni pungufu na kupata kanzu nzima, mithili ya fundi anayeshona vazi kwa mabaki ya vitambaa. Kwa wakati mmoja ni jeni moja tu isomwayo. Tena, mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba kingamwili chache zikinasa juu ya kanzu, kimelea kinapoogelea mbele huzisukuma nyuma kwa nguvu ya maji, na huko nyuma huzimeza na kuziharibu. Hii ndiyo sababu mpaka leo hakuna chanjo ya malale: chanjo hufundisha mwili kulitambua vazi moja, ilhali adui ana sanduku zima.

Bakteria wa homa ya papasi hutumia hila hiyohiyo ingawa si jamaa ya tripanosoma hata kidogo. Mgonjwa hupata homa kali kwa siku chache, hupona, na baada ya muda wa kama juma moja homa humrudia. Kila mrejeo wa homa ni kizazi kipya cha bakteria chenye protini tofauti za nje. Majaribio yaliyofanywa juu ya bakteria jamaa yake wa Marekani, Borrelia hermsii, yalionyesha kwamba seli moja huweza kuzaa aina zaidi ya 20 za mavazi. Kwa hiyo homa iliyomwua Dutton ilikuwa ikirudirudi kwa sababu moja na ile ifanyayo malale yadumu miaka.

5.0 Vimelea vinavyosikilizana

Hila ya kanzu peke yake haitoshi. Kama tripanosoma zingeendelea kugawanyika bila kikomo, mgonjwa angekufa upesi kabla mbung'o hajamwuma, nazo zingekufa pamoja naye. Kwa hiyo zinahitaji kujua idadi yao. Je, kiumbe cha seli moja, kisicho na jicho wala sikio, huhesabuje wenzake?

Jibu limepatikana hatua kwa hatua. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba tripanosoma zinapokuwa nyingi hutoa kitu fulani katika maji zinamoishi, na kitu hicho kikizidi, zile nyembamba zinazogawanyika hugeuka kuwa fupi na nene. Hizi fupi hazigawanyiki tena. Ziko tayari kuishi katika tumbo la mbung'o. Mwaka 2014 zilitambuliwa protini kadhaa zinazopokezana habari hiyo ndani ya seli. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Edinburgh lilieleza mjumbe mwenyewe. Tripanosoma humwaga vimeng'enya ambavyo hukatakata protini zilizo jirani, za kwake na za mwenyeji wake, na kuzifanya vipande vidogo vya asidi amino chache. Zikiwa chache, vipande huwa vichache. Zikiwa nyingi, vipande hujaa. Protini moja katika utando wake, iitwayo TbGPR89, huviingiza vipande hivyo ndani ya seli, na kuongezeka kwake ndiko kunakosomwa kama ishara ya kwamba mahali pamejaa.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mpimaji wa Kabambare. Kimelea kinachojizuia kuongezeka huwa haba katika damu. Mtu aweza kuwa na malale ya gambiense kwa miezi au miaka, na tone la damu yake likawekwa chini ya hadubini lisionekane kitu. Uhaba huo si bahati mbaya ya mpimaji. Ni matokeo ya mawasiliano ya seli.

6.0 Protini itukingayo na itudhuruyo

Si kimelea peke yake kilicho na silaha. Mapema mwaka 1902, Laveran na Mesnil wa Paris waliona kwamba majimaji ya damu ya binadamu huziua tripanosoma za wanyama. Kiuaji kikuu kilitambuliwa mwaka 2003 na watafiti wa Brussels: ni protini iitwayo APOL1, ambayo husafiri katika damu juu ya chembe zibebazo kolesteroli. Tripanosoma huimeza ikidhani ni chakula. Ikishafika ndani, APOL1 hutoboa tando, na kimelea huvimba na kufa. Ndiyo maana tripanosoma iuayo ng'ombe haimdhuru mchungaji wao.

Aina mbili tu za tripanosoma jamaa yake zimeishinda APOL1. Ile ya mashariki, rhodesiense, ipatikanayo katika nchi kama Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia, ina protini inayoinasa na kuifunga, kama ilivyogunduliwa mwaka 1998. Ile ya gambiense, ambayo ndiyo ya Maniema, hutumia protini nyingine inayoukaza utando usitoboke, pamoja na kudhoofisha mlango ambao APOL1 hupitia.

Nasi binadamu tumejibu. Katika watu wenye asili ya Afrika zimo nakala za jeni ya APOL1 zilizobadilika, na baadhi yake huweza kuiua hata rhodesiense. Lakini kinga hiyo ina gharama. Mwaka 2010 ilidhihirika nchini Marekani kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika walio na nakala mbili za namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya figo. Utafiti uliofanywa juu ya watoto wa Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa dalili za awali za kuharibika figo huonekana mapema kwa wenye nakala mbili. Utafiti mwingine wa Ghana na Nigeria, uliohusisha zaidi ya watu 8,000 na kuchapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba hata nakala moja huongeza hatari kwa kiasi. Protini ile ile, basi, ni ngao katika damu na ni sumu katika figo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa kusikia kwamba dawa yaweza kuwa sumu, lakini hapa jambo si la kipimo cha dawa. Ni la umbo la protini.

7.0 Kadi, tone la damu na neno lisilofaa

Kwa kuwa hadubini huweza kumkosa mgonjwa, mwaka 1978 watafiti wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp walitangaza kipimo cha kadi. Juu ya kadi hutiwa tripanosoma zilizouawa na kutiwa rangi ya buluu, zote zikiwa zimevaa kanzu moja ambayo vimelea vya gambiense huivaa mara nyingi. Huongezwa tone la damu ya mtu na kadi huzungushwa kwa dakika 5. Ikiwa damu ina kingamwili dhidi ya kanzu hiyo, rangi hugandamana na kufanya vidonge vinavyoonekana kwa macho. Kwa njia hii timu za kutembea vijijini huweza kupima mamia ya watu pasipo maabara.

Matunda ya kazi hiyo yamekuwa makubwa. Mwaka 1998, karibu wagonjwa 40,000 waliripotiwa barani Afrika, na zaidi ya 26,000 kati yao walikuwa wa Kongo. Mwaka 2018 bara zima liliripoti wasiozidi 1,000. Dawa nazo zimebadilika. Melarsoprol, yenye aseniki, iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliua takriban mtu mmoja katika kila 20 waliotibiwa. Eflornithine, iliyoidhinishwa mwaka 1990, huzuia kimeng'enya ambacho kimelea hukihitaji ili kigawanyike. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 zipo tembe za fexinidazole, ambazo majaribio yake yalifanywa kwa sehemu kubwa nchini Kongo.

Sasa tuitazame lugha. Kadi haitafuti kimelea; hutafuta kingamwili. Mtu aweza kuwa na kingamwili kwa sababu ni mgonjwa, au aliugua akapona, au mwili wake uliwahi kukutana na kitu kinachofanana na kanzu hiyo. Kwa hiyo baada ya kadi kuganda, lazima kimelea kitafutwe katika maji ya tezi za shingo na katika damu. Mtu ambaye kadi yake imeganda na kimelea hakijaonekana, Kifaransa cha madaktari humwita kwa neno ambalo, likitafsiriwa moja kwa moja, huwa "mshukiwa" au hata "mtuhumiwa". Katika Kiswahili maneno hayo ni ya polisi na mahakama. Mtuhumiwa ameshitakiwa kosa. Katika nchi ambayo watu wameishi na vita na misako, hakuna atakayefurahi kuitwa hivyo mbele ya majirani, na si ajabu akikimbia asirudi kupimwa tena.

Pendekezo letu ni kwamba mtu huyo aitwe "mwenye kingamwili", na aelezwe hivi: "Mwili wako una askari waliofunzwa kulitambua vazi la kimelea cha malale. Hatujamwona mwenye vazi. Twataka kumtafuta, kwa maana aweza kuwa amejificha, na tusipomwona tutakuomba urudi." Maelezo haya ni mafupi, hayana neno la kigeni, wala hayapotoshi sayansi iliyoelezwa katika sehemu ya nne na ya tano. Vilevile hayamwambii mtu kuwa ni mgonjwa kabla haijathibitika. Kinyume chake, kauli ya kwamba "damu yako ina mikrobe", ambayo ni rahisi kutamka, si ya kweli katika hatua hii, na mtu aliyeambiwa hivyo kisha akaambiwa kuwa hapana, hataiamini kadi mara ya pili.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kanzu ya protini, hesabu ya vimelea na APOL1 ni mambo yanayoweza kuelezwa kwa Kiswahili fasaha bila kuyapunguza. Istilahi nyingi zipo tayari. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi, na maneno kama kipokezi, kingamwili na kimelea yana faida ambayo mengi ya Kifaransa hayana: msikilizaji huweza kuikisia maana kutokana na mzizi wa neno.

Kinachopungua si maneno bali ni mazoea. Tungependekeza kwamba kila tasnifu ya uzamili au uzamivu inayohusu maradhi ya watu wetu iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili au tatu, ulioandikwa na mtafiti mwenyewe na kusomwa na mtu wa idara ya lugha kabla ya kupitishwa. Mwanafunzi wa biolojia atajifunza kama ameielewa kweli protini yake, naye mwanafunzi wa isimu atapata istilahi zinazotumika badala ya orodha zinazohifadhiwa kabatini. Muhtasari huo upelekwe pia kwa wauguzi wa timu za kutembea. Shirika la Afya Duniani limelenga kukomesha maambukizi ya malale ya gambiense ifikapo mwaka 2030. Kadiri wagonjwa wanavyopungua, ndivyo kila mtu mmoja anayekataa kupimwa anavyozidi kuwa na uzito, kwa kuwa kimelea kimoja kilichobaki na sanduku lake la kanzu chatosha kuanza upya.